Ukuta wa Mablanketi

Mume wangu alipopunguzwa kazi, kiwanda kilimpa blanketi. Kilikuwa kiwanda cha mablanketi, basi kila aliyeachishwa mwaka ule alitoka getini na moja mkononi, la kijivu lenye mistari miwili myekundu, limekunjwa vizuri ndani ya plastiki. Karibu nusu ya wanaume wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale mtaani Baba Dogo walifanya kazi hapo, kwa hiyo jioni moja ploti nzima ikapata mablanketi ya aina moja. Wengine waliyatandika siku hiyohiyo. Wangu aliliweka lake juu ya kabati bila kulifungua. Nilipomuuliza kwa nini tunatetemeka na baridi ya Julai na blanketi jipya linatuangalia kutoka juu, alisema hawezi kujifunika kwa kitu alichofukuzwa nacho. Mimi ni mwepesi wa hasira lakini si mjinga, kwa hiyo nilivaa sweta nikalala.

Kilichobaki cha kutulisha kilikuwa kibanda changu. Nilikuwa nikipika chai, chapati na maharagwe kwenye geti la viwanda, na niliondoka nyumbani kabla jua halijatoka. Watoto wawili wakubwa walikuwa shuleni. Wa tatu, kitinda mimba wetu, alikuwa bado anatambaa, na yaya tuliyekuwa naye tulimwachilia kwa sababu hatukuwa na cha kumpa. Mtoto akabaki na baba yake.

Siku hizi mwanamume anambeba mtoto kifuani katikati ya mji na hakuna anayegeuka kumtazama. Miaka ile ya tisini mambo hayakuwa hivyo, na mume wangu alikuwa kifungua mimba wa nyumba ya watu wa Kakamega, ambako mwanamume hashiki hata mwiko. Hata hivyo alikubali. Alipika uji, alifua nepi, alimbembeleza mtoto mpaka akalala. Mambo mawili tu aliyakataa katakata. La kwanza, kumbeba mtoto mgongoni kwa leso. La pili, kupita naye barabara ya mbele, ambako wanaume wasio na kazi walikaa mchana kutwa kando ya fundi viatu wakihukumu kila apitaye. Walishamwona mara moja na chupa ya maziwa mkononi. Mmoja akamwita, "Mama, mtoto ameshiba?" na wakacheka mpaka fundi akaacha kushona.

Tangu hapo alipita nyuma. Nyuma ya ukuta wa ploti kulikuwa na uwanja mdogo wa kamba za nguo, kisha kijia kinachoteremka mtoni. Kabla ya kufika mtoni palikuwa na kinamasi. Bomba la maji lilikuwa limepasuka hapo zamani na hakuna aliyekuja kulitengeneza, basi maji yakaenea, wanawake wakapanda nduma, na palipobaki pakaota matete. Mume wangu alitafuta kivuli chini ya mkaratusi uliokuwa pale, akatandika gunia, akamlaza mtoto, akakaa. Alikuwa anajificha. Tuseme lilivyo.

Hapo ndipo alipomwona yule ndege.

Aliniambia jioni, nikiwa nimeloweka miguu kwenye karai. Ndege wa ukubwa wa njiwa mdogo, mwenye mdomo mrefu na rangi ya nyasi kavu, ana duara jeupe kuzunguka jicho kama amevaa miwani. Yuko kwenye ukingo wa matete, amelalia mayai manne chini kabisa, na ukimkaribia haruki, anajifanya si kitu. Alikuwa amemtazama asubuhi nzima na mara mbili akampoteza machoni akiwa palepale.

"Na utamla lini?" nikamuuliza, kwa sababu sisi tuliotoka Machakos tumezoea kuwatania watu wa magharibi kwamba hula kitu chochote chenye mabawa.

"Huyo mama ana mayai," akasema, na hakucheka.

Kila jioni nikaletewa habari za mama ndege. Leo mvua ilimnyeshea akakaa. Leo kunguru walipita akashusha kichwa. Kuna mwingine mzuri zaidi, mwenye shingo ya rangi ya kahawia iliyoiva, aliyeonekana siku za kwanza kisha akapotea, na mume wangu aliamini huyo ndiye baba, mtoro kama baba wengi wa mjini. Alitukataza kumwambia mtu. Mimi nilisikiliza nikifikiri bei ya unga, lakini nilifurahi kwamba anaongea. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijibu kwa kichwa tu.

Kisha akaja mhasibu. Alikuwa Mhindi wa makamo aliyeshika hesabu katika ghala moja la karibu, mzaliwa wa Pangani, Kiswahili chake cha sokoni kama changu. Saa ya chakula cha mchana alikuwa na desturi ya kutembea kando ya mto na darubini shingoni. Akamwona mwanamume na mtoto mchanga chini ya mkaratusi leo, kesho, keshokutwa, wote wameelekea upande mmoja, akauliza wanatazama nini. Mume wangu alimpima kwanza. Aliridhika alipoona mtu huyo anakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Akamwonyesha.

Jioni hiyo nilimkuta mume wangu amekaa mlangoni bila kuwasha jiko.

"Yule si mama," akasema.

"Nani?"

"Ndege. Yule anayelalia ni dume. Mwenye shingo nzuri ndiye jike. Jike hutaga, akaenda zake kutafuta mume mwingine. Dume ndiye hukaa, na mayai yakianguliwa dume ndiye hulea. Ndivyo walivyo. Mhindi ameniambia, ana kitabu chenye picha."

Nilicheka. Nani asingecheka? Nikamwona uso, nikaacha.

"Na hakuna anayemcheka," akasema.

Nitasema wazi nilivyohisi, kwa sababu miaka imepita na hakuna wa kunizuia. Nilijua jioni ile kwamba mayai yale yakiharibika, mume wangu atarudi kunyamaza, na safari hii hatatoka huko. Sikujali ndege. Nilikuwa nimechinja kuku wengi mno maishani kuanza kulia kwa ajili ya ndege. Nilimtaka mume wangu.

Mhasibu hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amfikirie hivyo. Alikuwa na furaha, na furaha ina mdomo mpana. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha watu wanaopenda ndege, na ndege wetu, alivyosema, ni adimu na mwenye haya. Kuna watu waliomtafuta kwenye mabwawa ya mbali miaka mingi wakaambulia manyoya. Akamnong'oneza mwenzake mmoja. Mwenzake akanong'oneza. Jumamosi iliyofuata magari yakajipanga barabarani kwetu kana kwamba kuna harusi.

Walishuka na kofia pana na buti, watu wa kila rangi, wapole, wanaosalimia kila mtu. Kikulacho ki nguoni mwako: aliyewaonyesha njia alikuwa jirani yangu wa mlango wa kushoto, mwanamke wa kwetu hukohuko Machakos, maarufu ploti nzima kwa mashuka yake meupe. Alikuwa na mdomo na alikuwa na kreti ya soda. Aliwauzia soda wakienda na soda wakirudi, akawaambia wapite katikati ya kamba za nguo, ni karibu.

Mimi nilikuwa kibandani, mume wangu ndiye aliyeona. Walisimama mbali mwanzoni. Kisha wa nyuma wakataka kuona, wa mbele wakasogea, matete yakakanyagwa, na pale palipokuwa na kificho pakawa na dirisha. Ndege alivumilia. Ndipo mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya kijani akatoa redio ya kaseti mfukoni, akabonyeza. Ikatoka sauti nzito ya chini, vuu, vuu, kama mtoto anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Ilikuwa sauti ya jike.

Mume wangu hakuhitaji kuelezwa. Kwao Kakamega, akiwa kijana, walikuwa wakitega isindu, wale kware wadogo, kwa kumtundika mmoja juu ya mlingoti ndani ya kikapu aite. Wenzake hutoka vichakani kumfuata wakaingia mtegoni. "Sauti ya mwenzake haikataliki," aliniambia. Na kweli ndege aliinuka. Aliacha mayai wazi juani, akatembea huku na huku akimtafuta mke ambaye hayupo, na wageni wakafurahi sana wakimwona mzimamzima. Kunguru wakaanza kukusanyika juu ya mkaratusi. Mume wangu aliwarushia madongoa huku amemshika mtoto kwa mkono mmoja, akawaomba wale watu waondoke, ndege arudi. Mama mmoja mwenye huruma akampa mtoto peremende.

Ndege alirudi walipoondoka. Kesho yake, Jumapili, wakaja wengine. Katikati ya wiki mhasibu alikuja kuomba radhi, uso umemshuka, akasema amewasihi wasije tena na wamemwambia hawatafanya madhara, ni kuangalia tu. Akaeleza kwamba ndege huyo akisumbuliwa mno huacha mayai moja kwa moja. Mume wangu alinirudia na maneno hayo, na nikaona ameanza tena kujibu kwa kichwa.

Nilimwendea jirani yangu. Nilimkuta anapanga chupa za soda.

"Ndege wa nani?" akaniuliza. "Ana kadi ya kodi ya ploti? Wewe una kibanda, mimi nisiuze?"

Tulirushiana maneno ambayo wanawake wawili wa Kikamba hurushiana wakijua hakuna mwingine anayeelewa, na nikaondoka nimeshindwa.

Aliyemgeuza si mimi. Jumamosi ile ya pili alikuwa ameanika mashuka yake, yale meupe. Sasa, mtu ambaye hajaishi ploti lazima ajue jambo moja. Kamba ya nguo ina mwenyewe. Nguo ya mtu ikiwa juu ya kamba huigusi, huisogezi, hupiti chini yake bila hodi, hata mvua ikianza unamwita mwenyewe aanue, labda awe dada yako. Mtu asiyejulikana akionekana kati ya kamba haulizwi habari za asubuhi, kwa sababu wezi wa nguo walitusumbua sana. Yule mwenye kofia ya kijani hakulijua hilo. Alifika, akakuta mashuka njiani mwake, akayainua kwa vidole viwili apite. Kibanio kikaruka. Mashuka mawili yakalala kwenye tope la maji ya nepi yaliyomwagwa asubuhi, na yeye akaenda zake na kaseti yake, hata hakugeuka.

Jirani aliyaokota. Aliyakunja hivyohivyo na tope lake, akafunga kreti ya soda, akaja hadi kibandani kwangu, mwendo wa kutosha, akayaweka juu ya meza katikati ya wateja.

"Ndege wenu yuko wapi?" akasema.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, tulikaa kwa Shosho, nyanya wa ploti nzima. Shosho alikuwa mjane aliyeishi katika ploti ile kabla hata mabati hayajapata kutu, na hakuna jambo lililoamuliwa pale bila yeye. Tulizungumza sana, wengine wakitaka tuwafungie geti, wengine tuwaite vijana. Shosho alisikiliza akichambua mboga. Mwishowe akasema geti linavunjwa, nao vijana wanavunja watu, lakini yeye hajawahi kuona mgeni mwenye adabu akibishana na kamisi ya mwanamke mzee. Mkono wake ukaendelea na mboga. Ilichukua kitambo kabla ya sisi wengine kuanza kucheka.

Basi tukapanga. Jumamosi ni siku ya kufua, sheria haivunjwi na yeyote. Tutafua kila kitu, tutaanika kila kitu, na tutaanika njiani; mimi kibanda nitakifunga siku hiyo. Mume wangu alipewa kazi ya kufunga kamba, na hapo nilimwona akiamka. Alizifunga kutoka kwenye misumari ya ukuta hadi kwenye mkaratusi, na kutoka kwenye mkaratusi hadi kwenye uzio wa nduma, juu, mbali na matete, ndege asishtuke na vitu vinavyopepea. Alizivuta zikalia. Alishuka mpaka gunia lake, akakaa, akatazama nyuma, akarudi kushusha kamba moja kidogo. Wanaume wa ploti, wale waliopunguzwa naye, walisimama wakimtazama. Mmoja akaenda kumshikia ngazi.

Jumamosi ikafika, na mifereji ikawa mikavu. Mgao wa maji. Tangu Alhamisi hapakuwa na tone, na mitungi ilikuwa na ya kunywa tu; ya mtoni yalikuwa machafu kuliko nguo zetu. Tulisimama uwanjani na mabeseni matupu, tukitazamana.

Jirani yangu ndiye aliyeingia ndani kwanza. Alitoka na mashuka ya kitandani mwake, yaliyolaliwa wiki nzima, yana alama za chai na za watoto, akayatundika kwenye kamba ya mbele kabisa ambako kila mtu atayaona. Mwanamke yule. Nilikuwa nimemjua miaka sita na sikuwahi kuona shuka lake likiwa na doa. Baada ya hapo nani angeona haya? Tuliingia vyumbani tukatoka na kila kitu, kichafu na kisafi. Na yale mablanketi ya kijivu yakatoka, moja mlango huu, jingine mlango ule, mistari myekundu ikapangana kwenye kamba mpaka ukawa ukuta. Pakabaki pengo moja, katikati, mahali njia inapoanza.

Mume wangu alinipa mtoto. Aliingia nyumbani, nikasikia plastiki ikichanika. Alitoka na blanketi lake begani, akalitandaza kwenye pengo, akalibana kwa vibanio vinne, akaingia nyuma ya ukuta na kuketi.

Magari yalikuja mengi kuliko siku zote. Walishuka wakicheka, wakazunguka kona, wakasimama.

Shosho alikuwa kwenye kigoda mbele ya mdomo wa njia. Juu ya kichwa chake zilining'inia kamisi zake tatu na sidiria moja iliyoona mengi.

"Shikamoo, mama," akasema mmoja wao, kijana mstaarabu. "Tungeomba kupita."

"Marahaba. Upite wapi, mwanangu?"

"Hapo nyuma."

"Hapo ni nguo."

"Tunaweza kusogeza kidogo tu?"

"Wa wiki jana alisogeza," Shosho akasema. "Leo unataka kuangusha za nani?"

Wakashauriana. Mwanamke mmoja akauliza nguo zitakauka saa ngapi. Shosho akatazama mbinguni, ambako jua lilikuwa linachoma bila wingu hata moja, akasema jua la siku hizi ni la uongo, na blanketi ni kitu kizito. Mwenye kofia ya kijani alinyoosha mkono akaligusa moja pembeni.

"Lakini hili ni kavu," akasema.

Jirani yangu alikuwa tayari. Alikuja na kikombe cha maji ya kunywa, akachovya vidole, akalinyunyizia blanketi mbele ya macho yake.

"Sasa?" akamuuliza.

Mwingine alikuwa amesimamisha darubini kubwa ya miguu mitatu, akitafuta upenyo. Vijana wa ploti walimzunguka kwa heshima zote. "Niaje, mzae," mmoja akamsalimu. "Hiyo mashini inacheki nini? Huko ni nguo za ndani za shosho." Ploti ikaangua kicheko. Mwenye darubini aliinua uso, akaona kilichokuwa mbele ya kioo chake, akaanza kukunja miguu ile mitatu moja baada ya nyingine.

Nilidhani tumeshinda. Ndipo nikasikia vuu, vuu.

Kofia ya kijani alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye ukuta wa ploti, ameinua redio juu ya kichwa. Sauti haina haja ya njia. Ilipita juu ya mablanketi yote ikateremka kinamasini. Uso wa mume wangu ukatokeza kati ya mablanketi mawili. Alinitazama tu, na nikajua ndege anainuka.

Mimi si mwimbaji. Kanisani waliniweka safu ya nyuma na kuniomba nisizidishe. Lakini kila Jumamosi wanawake wa ploti walikuwa wakiimba wakifua, nami nikijiunga nikitoka kibandani, miaka yote, na ndege yule alikuwa ametaga mayai yake na kuyalalia akisikia sauti zetu mbovu. Hazikuwa kitu kwake. Nikafungua mdomo nikaanzisha pambio. Nilianza juu mno, kama kawaida yangu. Shosho akanishusha, jirani akaingia, wakaingia wote, wa magharibi na wa mashariki, kila mmoja na lafudhi yake, tukipiga makofi. Kofia ya kijani aliongeza sauti. Nasi tukaongeza. Penye wengi hapaharibiki neno. Mwisho ulionekana tu mdomo wa redio ukiwa juu na hakuna aliyesikia inasema nini, hata mwenye redio.

Mhasibu alikuwa miongoni mwao, nyuma kabisa, amekuja kujaribu kuwazuia. Akasogea mbele, akaiteremsha redio ile taratibu kwa mkono wake.

"Twendeni," akawaambia. "Tumefukuzwa kwa adabu. Tusingoje namna nyingine."

Waliondoka. Wengine, sitawanyima haki yao, waliondoka na aibu ya kweli, na yule mama wa peremende alimshika Shosho mkono. Sisi tuliendelea kuimba hata magari yalipokwisha kupinda kona, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza. Kisha mume wangu akatokeza tena kichwa kati ya mablanketi.

"Amekaa," akasema.

Hatukupiga vigelegele, tungemshtua ndege. Tulicheka tumejifunga midomo kwa leso, wanawake wazima, tukiegemeana, machozi yakitutoka. Nilimkumbatia jirani yangu mbele ya mashuka yake machafu. Sijawahi kupenda ploti ile kama nilivyoipenda saa ile.

Jumapili ilikuwa shida nyingine, maana mwanamke wa kanisa haaniki nguo Jumapili. Tulianua usiku kwa kuogopa wezi, na asubuhi tukaenda kanisani na roho mkononi. Tuliporudi tulikuta kamba zina mashuka mawili ya rangi ya samawati, makubwa, yanachuruzika maji, ambayo hakuna aliyeyajua. Mhasibu alikuwa ameyaleta kwa gari kutoka kwake yakiwa yamelowa ndani ya beseni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Shosho, mume wangu kwenye jiwe kando yake, mtoto amelala kati yao. Mgeni mmoja tu ndiye aliyefika, na mhasibu alimwambia kuna kufua. Jirani yangu aliyachunguza mashuka yale pembe kwa pembe, akakiri kwamba mke wa Mhindi anajua kufua.

Siku chache baadaye nilikuwa kibandani, saa ya chakula cha mchana, wanaume wamejaa kwenye benchi, wengi wao waliofanya kazi na mume wangu na kubahatika kubaki. Nikaona wanaacha kutafuna. Nikageuka.

Alikuwa anakuja kwa barabara ya mbele. Alikuwa amempita fundi viatu na baraza lake lote, na baraza lilikuwa limesimama kumtazama. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa leso yangu ya manjano, vibaya, fundo limekaa upande, mguu mmoja unaning'inia. Alitembea haraka lakini kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji. Mmoja wa wale waliokuwa kwenye benchi alianza kucheka, na hakuna aliyemfuata.

"Wametoka," mume wangu akaniambia. "Watatu. Yai moja halikuanguliwa. Lakini watatu wametoka, na wanatembea."

Nikaacha chapati kwenye moto. Niliwaambia wateja wajihudumie, na sijui kama walilipa. Tulikimbia, mimi na aproni yangu, yeye na mtoto akirukaruka mgongoni, mpaka kwenye gunia lile chini ya mkaratusi. Nilitazama muda mrefu bila kuona chochote. Kisha kipande cha nyasi kavu kikasogea, kikawa na jicho lenye duara jeupe, na nyuma yake vitu vitatu vidogo, laini, vyenye miguu mirefu kupita kiasi, vikikimbia na kusimama alipokimbia na kusimama yeye. Aliviongoza ndani ya matete kimoja baada ya kingine. Yeye aliingia wa mwisho.

Nilimsogelea mume wangu nikamfungua leso, nikamfunga upya vizuri, fundo katikati ya kifua, mguu wa mtoto ndani. Hakupinga.

Usiku ule alilala chini ya blanketi la kijivu. Na kesho yake asubuhi, nilipokuwa nikikoroga chai ya wateja, nilimwona tena na mtoto mgongoni, anapita barabara ya mbele akiwasalimia watu.